Ukurasa Usio na Njia ya Kurudi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, Sista Mkuu wa kliniki na wauguzi mliokuja na sare zenu, wafanyakazi wenzangu, wake na waume mliokuja kuhakikisha kwamba tukichelewa kurudi nyumbani kweli huwa tuko hapa, na wewe mama yangu mzazi, uliyeketi mbele kabisa ukinitazama kana kwamba nitasahau shairi la darasa la tatu: kila mmoja kwa heshima na nafasi yake, hamjambo?

Mbona hafifu hivyo? Mmeshiba kupita kiasi nyie. Haya, tuendelee.

Nimeombwa niseme maneno machache ya kuaga. Aliyeniomba ni Mkurugenzi, na hilo neno "machache" alilirudia, maana ananijua. Leo namaliza kazi ya kuandika programu katika kampuni hii, na wiki ijayo naanza kufundisha chuoni. Humu mnaniita Shangazi, na shangazi hashushwi jukwaani kabla hajasema alilokuja nalo. Nimekuja na jambo moja tu, nalo linamhusu mtu aliyekaa pale nyuma karibu na mlango, yeye na mkewe na wanawe pacha. Baba Mapacha, usijifiche nyuma ya chupa za soda, tumeshakuona.

Wageni wetu hawajui, lakini sisi wote tunajua: mkataba wa Baba Mapacha unaisha mwisho wa mwezi huu. Wenzake wameshaambiwa kwamba wanaendelea. Yeye hajaambiwa kitu. Kwa nini? Kwa sababu ya ule ukurasa. Kila mtu anaunong'ona jikoni, na akiingia yeye watu wanaanza kusifia chai. Basi leo tuuseme hadharani, wenyewe wakiwapo.

Nilipoajiriwa hapa nilikuta vyumba viwili na ukuta wa kioo katikati. Chumba kimoja waliandika programu ya kliniki, ile ya kina mama kuweka miadi, kwa ajili ya simu za Android, cha pili waliandika programu hiyo hiyo kwa ajili ya iPhone. Kazi moja ikifanywa mara mbili, na watu wasioazimana hata sukari. Kila chumba na birika lake! Sista akipiga simu kulalamika kwamba tarehe zimepinda, hawa wanasema, "Kwetu ziko sawa, waulize wale," na wale wanasema, "Sisi hatuna shida, waulize hao." Nyani haoni kundule. Na wakati huo mama mjamzito kafika kliniki siku isiyo yake, miguu imemvimba, hajui amlaumu nani.

Ndipo tukaamua kuondoa ukuta na kuandika mara moja tu, programu moja ifanye kazi kwenye simu zote. Nililipigania jambo hilo hadi nikakauka koo, na huko chuoni nitaendelea kulipigania mpaka wanichoke. Lakini wakuu wangu, mlioikubali njia hii mkidhani kazi imepungua nusu, nisikilizeni vizuri: kuandika mara moja si kufikiri mara moja. Simu bado ni za aina mbili, na vidole vya watu vina mazoea tofauti. Mtu akiandika akiwa na simu moja tu mfukoni, huwa anamwandikia nani kama si yeye mwenyewe?

Hicho ndicho kilichompata Baba Mapacha. Alitoka chumba cha Android, na miaka yote simu yake imekuwa na kitufe cha kurudi nyuma, pale chini ya kioo. Akaandika ukurasa unaouliza, "Unataka kufuta miadi yako?" Chini yake akaweka kitufe kimoja: "Ndiyo, futa." Na asiyetaka kufuta? Si arudi nyuma, jamani, kitufe si kipo! Kipo, ndiyo, kwenye simu yake. Kwenye iPhone hakipo. Mama aliyefika ukurasa ule kwa bahati mbaya, pengine mtoto kamchezea simu, aliduwaa hapo hana pa kutokea, na wengi wakabonyeza kile kitufe pekee walichokiona. Wakaguzi wetu wanaoijaribu programu kabla haijatoka, nao wote walikuwa na simu kama yake. Wakasema safi kabisa, ipite.

Asubuhi moja Sista Mkuu akapiga simu. Sista, nisamehe, nitakuiga kidogo: "Nyie watu! Mabenchi yangu matupu! Kina mama wangu mmewapeleka wapi?"

Hapo lazima niwaambie wageni habari za jogoo. Tuna jogoo wa plastiki humu ofisini, mwekundu, shingo imelegea. Alimleta Mkurugenzi mwenyewe, kwa utani na kwa nia njema kabisa. Anayeharibu programu anawekewa jogoo mezani wiki nzima, na kila apitaye anamwambia, "Mfugaji, hajawika bado?" Tulicheka sana mwanzoni. Kisha watu wakaanza kuficha. Mtu analiona kosa lake Jumanne, analifunika, anaomba Mungu ligunduliwe na mwingine, yeye akiwa likizo. Mnafahamu ni programu ya wagonjwa hiyo? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yenyewe hayakuwa hata ya kwetu.

Siku ile Sista bado anafoka kwenye simu, wahandisi wote wameinamia kompyuta kama wanaotafuta sindano sakafuni. Baba Mapacha akasimama. Akasema, "Ni mimi. Ule ukurasa niliuandika mimi, na nadhani najua ulipoharibika." Akamfuata jogoo kwa miguu yake, akamweka mezani kwake, akaketi kufanya kazi. Kabla ya chakula cha mchana njia ya kurudi ilikuwa imeshawekwa. Kisha akavuta simu ya mezani, akaanza kuwapigia kina mama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtuma.

Mimi nilikuwa meza ya pili, nikimsikia. "Hapana mama, hukukosea wewe, nimekosea mimi. Naomba nikurudishie miadi yako." Mmoja alimgombeza mpaka masikio yakamwiva: "Mwanangu akose chanjo kwa sababu wewe unachezea kompyuta?" Akamjibu, "Nisamehe, mama. Kesho saa tatu, au saa nne itakufaa zaidi?" Nilimpenda kijana wa watu siku ile, nawaambieni ukweli.

Sasa nauliza, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mtu huyu akiondoka, watakaobaki watajifunza nini? Watajifunza kwamba msema kweli huonyeshwa mlango na mnyamavu hupandishwa cheo. Tukishafika hapo, kuna haja gani ya kubomoa ukuta wa kioo? Kila mtu atajijengea wake mezani.

Juzi mkewe alinishika mkono pale nje getini. "Shangazi, nimwambie aanze kutafuta kwingine? Maana watoto wanaanza shule." Iliniuma sana. Usiku ule ule nikakaa kuandika maneno haya.

Nimeona chini ya meza ile kuna zawadi yangu, na kwa umbo lake nahisi ni saa ya ukutani. Nashukuru kwa moyo wote, lakini naomba nibadilishiwe. Ninachotaka ni kwamba kiti changu akikalie Baba Mapacha. Ndugu Mkurugenzi, nimemaliza, ila sishuki.

Alaa! Mkurugenzi amesimama. Anasema ana swali kwa Baba Mapacha: akipewa kiti hicho, Jumatatu ataanza na nini? Baba Mapacha, jibu, na upaze sauti.

Mmemsikia huko mbele? Anasema ataanza na ukurasa wa chanjo. Leo asubuhi amegundua kwamba kwenye baadhi ya simu tarehe inaruka siku moja, na aliyeuandika ukurasa huo ni yeye.

Wewe! Siku ya leo? Mbele ya Bodi? Mkeo kashika kichwa! Mnacheka, nami nacheka, lakini machozi yananitoka, jamani, niacheni tu. Ndugu Mkurugenzi, mtu wa namna hii utamwokota wapi?

Subirini, Mkurugenzi anasema kitu. Nyamazeni basi! Anasema, "Jumatatu ni mbali, watoto wanasubiri chanjo. Panda juu ofisini sasa hivi ukakae kwenye kiti chako uurekebishe ukurasa huo, soda yako tutakuwekea."

Mama Mapacha, pumua. Baba Mapacha, unasimama hapo unangoja nini? Nenda! Na ubebe simu zote mbili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi, na ninyi nyote mlionivumilia mimi na mdomo wangu miaka yote hii, Mungu awazidishie. Ahsanteni sana kwa kuniazima masikio yenu.