Evarista Chidosa na Tovuti ya Wagonjwa wa Macho

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Zuzu, mimi Gideoni, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwaeleza maisha ya dada yetu, nami nitayaeleza kama alivyoyaishi, kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno ya kupakwa mafuta.

Evarista Chidosa alizaliwa Kibakwe tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Abeli na mama Jenifa, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Mpwapwa, kisha chuo Dodoma mjini, alikohitimu masomo ya kompyuta mwaka 2009, na tarehe 1 Februari 2010 akaajiriwa na Fredy Mnyawami, mwenye kampuni ya kutengeneza tovuti, ambaye tunamwona amekaa mstari wa pili.

Tarehe 6 Oktoba 2012 alifunga ndoa na Elisha, fundi wa reli pale Gulwe, wakajaliwa watoto wawili, Ruthu na Seth.

Mwaka 2017 kampuni ilipewa kazi ya tovuti ya kliniki binafsi ya macho, ili wagonjwa wajipangie siku ya kuonana na daktari kwa simu zao, Fredy akaijaza picha zinazocheza na maandishi madogo ya kijivu, Evarista akamwambia wagonjwa hawataiona, hakusikilizwa, ndipo akamleta mama yetu, mwenye mtoto wa jicho, akamketisha ofisini na simu mkononi, mama akabonyeza huku, akabonyeza kule, akaishia kwenye tangazo la magodoro, akauliza kwa aibu, "Mwanangu, sasa nimefika wapi?"

Fredy alicheka mbele ya wafanyakazi wote, akasema, "Huyu bibi si mteja wetu," Evarista akamshika mama mkono, akamjibu, "Basi na mimi si mfanyakazi wako," wakatoka.

Wagonjwa walipoanza kufika siku zisizo zao na kurudi vijijini bila kutibiwa, kliniki ilimtafuta Evarista, ambaye sasa alikuwa amefungua ofisi yake, akaifumua tovuti yote, akaweka herufi kubwa nyeusi na kitufe kimoja cha kuanzia, kila hatua akiijaribisha kwanza kwa wazee wa Kibakwe, naye Fredy akaja hapa nyumbani kumwita mwizi wa wateja mbele ya watoto wake, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mwezi Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa kwa miaka miwili, wapatanishi wakaja kitandani kwake, akawaambia, "Akamwombe radhi mama kwanza," Fredy hakwenda, na tarehe 11 Juni 2025, adhuhuri, dada yetu akafariki, Elisha akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika, na wenzake wa ofisi aliyoianzisha mwenyewe.

Fredy ameomba kutoa salamu za rambirambi, familia inamjibu kwamba hatapewa kipaza sauti, mama yule pale kwenye mkeka, aanzie kwake.

Pumzika, dada, ugomvi tuachie sisi.