Anayefungwa Anapisha

Mheshimiwa Burugumesta, kiongozi wa mtaa wetu wa Mikelenge, Mheshimiwa Prefe, mkuu wa shule yetu, padri wetu na shehe wetu mlioketi bega kwa bega, waalimu wetu, wazazi wetu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi wenzangu, nawasalimu nyote.

Mimi ni Falone Onema, wa mwaka wa tano. Wenzangu wamenituma niseme neno siku hii ya kufungua chumba chetu cha kompyuta, na ya kumuaga Papa Ismaël, ambaye amefunga nyumba yake ya michezo ya video baada ya miaka zaidi ya ishirini. Wengi wenu mnaijua nyumba ile. Wengine mliijua saa za masomo, na sitataja majina, kwa sababu baadhi yenu leo ni waalimu.

Mheshimiwa Prefe, mbele yako iko karatasi inayoamuru michezo yote ifutwe katika kompyuta hizi. Bado hujatia sahihi. Naomba ruhusa niseme juu yake, lakini nianzie mbali kidogo.

Miaka ya vita, treni zilikuwa zimesimama na mafuta ya jenereta yalikuja kwa baiskeli. Papa Ismaël alikuwa na konsoli moja, televisheni moja na manette mbili za kuchezea. Vifungo vya manette vilipoisha, alikata vingine katika mpira wa baiskeli. Konsoli ile haikuweka kumbukumbu: jenereta likizimika, bingwa na mgeni walirudi wote kwenye sifuri. Mbele yake palikuwa na benchi moja, na sheria moja: anayefungwa anasimama, anakwenda mwisho wa benchi, anampisha mwenzake.

Mama yangu, Philomène, alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja aliingia askari na bunduki yake.

Papa Ismaël akamwambia, «Afande, bunduki inabaki inje, sawa viatu kwa musikiti.»

Askari aliiegemeza mlangoni, akaketi, akacheza na mama mchezo wa mpira wa kwenye televisheni. Mama akamfunga mabao matatu.

«Huyu mutoto njo amenifunga?» askari akauliza.

«Njo yeye, afande. Na hapa mwenye kufungwa anapisha.»

Mama anasema alitamani ardhi immeze. Lakini askari alimtazama, akacheka, akaweka manette chini, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Alingojea watu sita. Je, ni wapi kwingine katika mji huu, miaka ile, mwenye bunduki alingojea zamu yake nyuma ya watoto?

Sasa niseme juu ya kompyuta. Kwa mambo mengi imeishinda konsoli ya Papa Ismaël. Inakumbuka ulipoishia jana. Inakuonyesha hata mchezo ulivyotengenezwa: Mwalimu Yassine alitufundisha kwa kompyuta yake mwenyewe kabla hizi hazijafika, na rafiki yangu Odette ametengeneza mchezo wake mwenyewe, mtumbwi unaovuka Lualaba na kukwepa magogo. Konsoli ilitupa mchezo uliokwisha kupikwa. Kompyuta imetuingiza jikoni.

Lakini kompyuta haikuambii usimame. Ukifungwa, unabonyeza, unaanza tena, na aliye nyuma yako humwoni.

Mheshimiwa Prefe, Jumamosi tulipojaribu mashine hizi, palitokea ugomvi, na ndiyo sababu ya karatasi hiyo. Uliuliza nani alianza. Leo nasema: ni mimi. Nilifungwa mara nne, na mara nne nilianza tena. Odette alikuwa amesimama nyuma yangu saa nzima, akingoja kuujaribu mtumbwi wake. Aliniambia, «Falone, dada, simama basi!» Nikamjibu, «Ngoja kidogo.» Ndipo alipong'oa waya. Mtoto wa Philomène, aliyelelewa kwa hadithi ya benchi lile, alishindwa kufanya alichofanya askari. Odette, nisamehe mbele ya watu hawa wote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Prefe, kama karatasi ni adhabu, iniangukie mimi. Niondoe katika chumba hiki muhula mzima. Lakini usifute mtumbwi wa Odette. Mchezo haukukosa. Kilichokosekana ni benchi.

Jana Papa Ismaël alipokuja kuona chumba, alitazama viti, kiti kimoja kwa kila mashine, akauliza, «Sasa mwenye kungoja anakaa wapi?» Asubuhi hii amelileta benchi lake kwa kigari cha kusukuma. Liko pale mlangoni. Tunaomba liingie, pamoja na sheria yake.

Papa Ismaël, wewe hukutufundisha kushinda. Ulitufundisha kusimama. Aksanti sana, baba.

Nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Zamu yangu imekwisha. Odette, njoo, ninapisha.