Tarehe Tano na Mwezi Mkubwa

Cheka, Masalu, cheka umalize, halafu unyamaze, maana mama yako wa darasa la saba amesoma karatasi za kadi yako ya mkopo zote kumi na mbili, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma ambayo wewe mwenye diploma hukuyagusa, na nimegundua kitu! Na wewe Janet, acha kumkonyeza kaka yako. Uvimbe wanaoukata kesho uko tumboni, hauko kichwani.

Sikilizeni wanangu, maana daktari hakuniahidi kwamba nitarudi, na Jumamosi mnamleta mtu anunue kiwanja changu cha Buzuruga ili deni la Masalu lilipwe. Hakiuzwi. Nirudi nisirudi, hakiuzwi.

Masalu, kwa mwaka mzima ulitoa milioni moja na laki mbili kwenye mashine, ukanunua mafuta ya mtumbwi na kuwalipa wavuvi, kwa kuwa kule mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, hakuna anayepokea kadi. Leo unadaiwa milioni moja na laki tisa. Ukaniambia benki ni wezi, nami nikawalaani wiki nzima, Mungu anisamehe. Kumbe kila ulipochomoa noti walikata ada ya kutoa, na riba ikaanza siku ileile, wakati ungelipa dukani kwa kadi wangekungoja mpaka tarehe ya kulipa. Imeandikwa! Ada ya mwaka, imeandikwa. Ukilipa kile kiasi cha chini tu, riba inaendelea kula kilichobaki, nayo imeandikwa. Kilichonishangaza ni faini za kuchelewa: ziko tano, na zimefuatana.

Nikashusha kalenda ya kanisa, ile ninayochora duara siku za mwezi mkubwa, usiku unapokuwa mweupe na dagaa hawavuliwi. Jamani! Miezi yote mitano tarehe tano yako ya kulipa imeangukia ndani ya duara langu, mitumbwi iko nchi kavu, na wewe mfukoni huna hata ya chumvi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na panga.

Lakini wiki mbili nyuma, kwenye giza, dagaa walipokuwa wanavuliwa, pesa ulikuwa nayo. Mbona hukulipa? Nakujua, nimekuzaa: ulingoja siku yenyewe, kama tunavyofanya kwenye kikoba, ambako mweka hazina hapokei shilingi yako kabla ya kikao. Tarehe ikifika, pesa imeshakuwa nyavu na bia. Nikaenda dirishani kumuuliza yule binti wa benki, akasema, "Bibi, tunapokea siku yoyote, hata leo." Hata leo! Faini tano, mwanangu, kwa kungoja kikao ambacho hakipo!

Basi shikeni haya. Pesa ya jeneza langu, milioni mbili, nimeitoa kwenye kopo la unga, naipeleka benki sasa hivi deni lote liishe. Nikifa, nizikeni kwa mbao za mtumbwi mkuukuu, mchwa hawataulizia bei. Masalu, utamrudishia Janet laki moja kila giza, mpaka zitimie. Mtumbwi unaovua ni wa Janet, yeye anajua kuhesabu. Kiwanja ni cha wote wawili. Sufuria kubwa ya wifi yangu Renatha, niliyomfichia miaka tisa kwa hasira, iko uvunguni; mpelekeeni, lakini msimwombe radhi. Kadi usiikate, haina kosa. Tumia dukani tu, na ulipe yote ukiwa nayo.

Ngoja... nishike meza. Pumzi imekuwa fupi. Hapana Janet, niache, bajaji inanisubiri nje, na mkianza kulia mtalowesha karatasi. Mungu awape afya, awape dagaa, awape na miwani.

Masalu, ziko hapo mezani. Zisome kwa sauti, moja moja, dada yako akusikie. Nikirudi na risiti nitauliza maswali, na ufunguo... ufunguo naondoka nao.

Haya. Nafunga mlango.