Wasifu wa Gundi, Aliyekataa Kiti cha Ukumbini

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alizaliwa kiziwi. Shangazi yake alimpigia makofi sikioni kutwa nzima, halafu akatangaza kwamba mtoto ana kiburi. Majirani wakamwita Bubu. Alilichukia jina hilo mpaka kufa, na baadhi ya waliomwita hivyo ndio wanaolia kwa sauti kubwa kuliko wote hapa.

Mwaka 1969 alipelekwa shule ya bweni ya viziwi. Walimu walitaka watoto waseme kwa mdomo tu. Aliyetumia mikono alichapwa rula vidoleni. Lugha ya alama alifundishwa na wenzake kwenye karo za kufulia, mwalimu akigeuka. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, kidole gumba cha kulia kikiwa kimepinda.

Tarehe 2 Februari 1979 aliajiriwa kiwanda cha uchapaji, akajalidi vitabu kwa miaka thelathini na saba. Wenzake walimpa jina la Gundi, kwa harufu ya mikono yake na kwa kuwa akishika jambo haliachii. Hilo alilipenda. Alirukwa cheo mara nne, eti hawezi kupokea simu, na aliowafundisha kazi wakawa wakubwa wake. Mara ya nne alimjalidia msimamizi daftari la mahudhurio kichwa chini miguu juu. Bwana yule alilitumia mwaka mzima, shingo upande.

Tarehe 17 Desemba 1983 aliolewa na seremala, kiziwi mwenzake. Mjomba mmoja alisimama mbele za watu akasema, "Hawa watazaa ukimya mtupu." Walizaa wawili, na mtaa mzima ukakosa utulivu kwa kelele zao.

Babu yake mzaa baba alikuja nchi hii akiwa kijana, kutoka ng'ambo, asirudi tena. Kwa hiyo mwezi Agosti 2008, chama cha viziwi wenye asili ya huko kilipopanga ziara ya kubadilishana mila na wenyeji, Gundi alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Walikwenda kumi na wawili. Mdogo wake, anayesoma maneno haya, alikuwa mkalimani.

Walipokelewa ukumbini kwa mabango na kamera. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, ambaye kumbe ni mtoto wa ndugu wa babu yake Gundi, alihutubia saa nzima. "Damu ni nzito kuliko maji," alisema. Gundi akauliza, "Viziwi wa hapa wako wapi?" Akainuka, akafuata harufu ya sabuni hadi jikoni.

Walikuwa huko, saba, wakiosha vyombo vya karamu. Alama zao hazikufanana na zake, ila Gundi alitoa picha ya babu. Mwanamume mmoja akakausha mikono, akaitazama, akajigonga kifua: picha kama hiyo ilikuwa kwao. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka wa mwenyekiti.

Mwenyekiti alifika mbio. Gundi akamwambia kwa mikono, "Mbona damu yako umeitumbukiza kwenye maji ya vyombo?"

"Anasemaje?" akauliza mwenyekiti.

"Anashukuru kwa mapokezi," mdogo wake akajibu.

Mwenyekiti akatabasamu. Gundi akamgeukia mdogo wake. "Mbona anacheka? Nilichosema hakichekeshi. Wewe usiyaoshe maneno yangu."

Mdogo wake akayarudia kama yalivyosemwa. Mwenyekiti akajibu, "Wale hawajui kukaa na wageni." Aibu ya uongo ule haijamtoka mdogo wake hadi leo, na kinyaa cha jibu lile vilevile. Wageni wote kumi na wawili walihamia jikoni, wakala wamesimama.

Tangu hapo Gundi aliziendesha ziara bila kamati wala mabango: kiziwi wa huku analala kwa kiziwi wa kule, na wa kule anakuja huku. Zilikuwa sita. Yule ndugu wa jikoni alikaa kwake miezi minane, akajifunza useremala kwa shemeji yake. Vyombo vya watu haoshi tena.

Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Daktari alimwambia mdogo wake, "Mwambie mama atapona." Gundi aliyasoma midomoni. Akachukua kalamu, akaandika: *Mama anakutazama. Miezi mingapi?* Daktari akaona haya, akaandika kumi na minane. Septemba iliyofuata aliongoza ziara ya mwisho akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Vidole vyake vilisema neno moja. Mume hajalitoa, nasi hatumwulizi.

Mwenyekiti ametuma rambirambi za kurasa tatu, akiomba zisomwe hapa. Hazitasomwa.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, na ndugu yake wa ng'ambo, aliyesafiri siku mbili na amekaa mstari wa mbele. Udongo umpokee kwa upole, naye apate pumziko lenye amani.