Geti la Malori la Soko la Bwera

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wilaya, masheikh na wachungaji wetu, wazee, ndugu wageni kutoka Bulembia, wafanyabiashara wa soko hili, madereva wenzangu ambao leo mmevaa mashati safi, na wewe Madamu Sylivia Kabugho tunayekuaga leo uhamie Bulembia: amani iwe kwenu nyote.

Naitwa Siraj, mwenyekiti wa madereva wa malori hapa Bwera mpakani. Nimepewa dakika tano za kumzungumzia msimamizi huyu wa mradi wa soko letu jipya. Dakika tano! Kwa dereva, hapo hata injini haijapata moto.

Mnakumbuka tulipokuwa tukiuzia na kupakulia mizigo kandokando ya barabara? Siku moja, nikirudisha Fuso yangu nyuma, nilisaga meza ya nyanya ya Naimah, huyu aliyekaa hapa mbele. Alipona kwa kuruka. Wiki nzima sikugusa usukani. Kwa hiyo mradi wa soko ulipokuja nilifurahi sana, mpaka nilipouona mchoro. Geti la malori lilikuwa kwenye kona, ubavuni mwa meza za akina mama, na kila gari lingelazimika kurudi nyuma kuwaelekea. Nilikwenda ofisini mara tatu. Mara tatu nikaambiwa mchoro umeshapitishwa.

Asubuhi ya kuchimba msingi wa geti, niliegesha Fuso mbele ya tingatinga, nikatia ufunguo mfukoni. Madamu Sylivia alikuwa na siku nne tu kazini. Watu wa ofisini wakamshauri aite polisi. Yeye akaja dirishani kwangu.

"Mzee Siraj, tatizo ni nini?"

"Nimeshasema mara tatu, madamu."

"Mimi hujaniambia. Tena usiniambie, nionyeshe."

Akapanda, akakaa kando yangu. Vijana wa ujenzi wakachora geti chini kwa chokaa, wakapanga mawe pale meza zitakapokaa. Naimah akasimama mbali kidogo na mawe yake, mikono kiunoni, akapiga kelele: "Muzee, leo uniangalie muzuri! Mimi siruki tena!"

Nikarudi nyuma polepole. Tairi likapanda mawe. Nikajaribu tena, likapanda tena. Injinia Nobert, huyu anayecheka pale, akasema, "Lakini madamu, mchoro umetiwa sahihi."

"Ni kweli, Nobert," akajibu, "ila lori halijui kusoma."

Siku hiyo hiyo alisimamisha uchimbaji, akaandika barua ya kuomba geti lihamishiwe upande wa chini. Je, mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo? Hata kidogo. Majibu ya kukubali yalichukua wiki sita, mvua ikawa inakaribia, na watu wakaanza kumnung'unikia. Wengine wangejifungia ofisini. Yeye kila Alhamisi alisimama hapa hapa, akatuambia kilichokamilika, kilichokwama, nani atakishughulikia na lini. Mabati yalipochelewa, tulisikia kwake kabla ya kusikia mtaani.

Alhamisi moja alianza na kilichokwama. Alisema, "Niliwaahidi paa mwezi wa saba. Haitawezekana. Nilihesabu vibaya, kosa ni langu." Mimi nimeshaona viongozi wengi, lakini huyo alinifanya nitazame viatu vyangu. Kesho yake malori tisa yalitoka hapa kwenda kubeba mchanga na kokoto, bila dereva hata mmoja kusukumwa. Mvua kubwa ilipofika, ilitukuta paa likiwa juu, na tukasimama chini yake tukiisikiliza kama watoto.

Leo malori yanaingia kwa chini na kutokea juu, hakuna linalorudi nyuma. Tangu tuhamie, hakuna mtu aliyeguswa na tairi. Vijana mnaosomea kusimamia miradi, mwulizeni aliwezaje. Nadhani atawaambia alitaka kujua kabla ya kuamuru.

Ndugu wa Bulembia, mnatuchukulia mtu. Msimwogope. Bishaneni naye, atawasikiliza.

Na sasa, kila ambaye amewahi kubishana na mama huyu katika mradi huu, naomba asimame. Simameni tu, msione haya! Akina mama wa samaki, naam. Wauza kahawa. Nobert, simama. Eh, hata Mheshimiwa Mwenyekiti anainuka!

Madamu, watazame. Hakuna aliyebaki kwenye kiti.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpigieni makofi mpaka wayasikie ng'ambo ya mpaka.