Mshumaa wa Nane: Historia ya Marehemu Filomena Gudelienė

Padri wetu, watoto na wajukuu wa marehemu, majirani, walimu mliofundisha naye, na nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya baridi, mimi ni Apolonija Varnaitė, mnaniita Polė, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, mniwie radhi nikisoma nimekaa, maana miguu imechoka na mwenye miguu amechoka zaidi. Wanangu Gintas na Vida, aliowazaa marehemu, wamenisihi nisitoke nje ya karatasi. Tutaona.

Marehemu Filomena alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji kilicho karibu na Rokiškis, nchini Lithuania, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Motiejus Varnas na Mama Barbora, na alibatizwa wiki hiyohiyo kwa sababu alizaliwa mdogo kama kiganja na hakuna aliyetarajia aone Pasaka. Julai 1944, vita viliporudi upande wetu, wazazi walitupakia kwenye mkokoteni wa farasi, mimi nikiwa mtoto mchanga nimelazwa ndani ya kihori cha kukandia unga wa mkate, na yeye, mwenye miaka sita, akaambiwa akishike kihori kisidondoke. Alikishika mpaka Ujerumani. Kwa jinsi nilivyomjua, hakukiachia mpaka Jumatatu iliyopita.

Alianza masomo katika kambi ya wakimbizi ya Hanau mwaka 1946, akaendelea hapa Chicago baada ya familia kufika tarehe 11 Oktoba 1949, kwanza kwa masista wa Brighton Park, kisha sekondari aliyomaliza 1956, kisha chuo cha ualimu alichohitimu 1960, na mwaka huohuo akaajiriwa kufundisha darasa la nne katika shule ya serikali ya kusini mwa jiji, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne bila kuchelewa hata siku moja, jambo alilotukumbusha kila tulipochelewa sisi. Jumamosi, wenzake walipokuwa wamelala, alifundisha shule yetu ya Kilithuania, na kalamu yake nyekundu wengi wenu hapa mnaijua.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa takatifu na Leonas Gudelis, mchoraji wa ramani za majengo, katika kanisa la Marquette Park, wakajaliwa watoto wawili, Gintas mwaka 1963 na Vida mwaka 1966, na wajukuu wanne. Leonas alitangulia mwaka 2006. Alikuwa mpole mno, na nyumba ile ilihitaji mpole mmoja.

Sasa nafika kwenye kazi iliyomla. Mwaka 1996 alirudi nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya miaka hamsini na miwili, na katika mji mdogo alikobatizwa aliwaona watoto wamekaa kituo cha basi tangu saa tisa shule inapofungwa hadi giza linapoingia, hawasubiri basi, wanakaa tu, kwa sababu wazazi wao wamekwenda kutafuta kazi Ireland na Uingereza na bibi zao hawawawezi. Alirudi hapa hana usingizi. Jumapili ya tarehe 4 Oktoba 1998, baada ya misa, katika ukumbi wa chini wa kanisa, watu wanane walioketi mbele ya sinia moja la kugelis, viazi vyenyewe vimeshapoa kwa maneno mengi, walianzisha chama wakakiita Saa Tisa, kikakodi nyumba ya zamani ya kukusanyia maziwa katika mji ule, Mwalimu Vilija wa hukohuko akaishika, na watoto wakawa na mahali pa kwenda kufanya masomo, kula supu, na kulelewa tabia.

Malezi hayo yalikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Kila mwezi ulikuwa na somo lake, uvumilivu, kuomba radhi, kutunza cha mwenzako, kusema kweli, na kila mtoto alikuwa na mtu wake huku Chicago, alimwandikia swali kwa mkono na kujibiwa kwa mkono, karatasi moja, tena kwa sharti alilolitunga marehemu mwenyewe, kwamba ni marufuku kumhubiria mtoto, msimulie siku ambayo wewe mwenyewe ulishindwa. Mimi sikuwa mwanachama. Mimi nilikuwa wa kulamba stempu na kwenda posta.

Tarehe 12 Februari 2009 alifariki Mzee Zenonas Plepys, fundi wa treni mstaafu, mcheshi kuliko wote wanane, na mezani kwake palibaki swali la Ugnė, binti wa miaka tisa ambaye mama yake alikuwa amepanda ndege kwenda Dublin wiki ileile. Nilimkuta dada yangu anajibu, mwandiko ameulaza kushoto kama wa Zenonas.

"Filė, unafanya nini?"

"Mwezi huu tu, Polė. Mama yake kaondoka juzi, leo nimwambie na babu yake kafa?"

"Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao Mungu anajua. Wewe lamba stempu."

Nikalamba, na kosa hilo ni letu sote wawili. Mwaka 2011 alifariki Bi Teklė, naye akaendelea kuandika, herufi ndogondogo na doa la kahawa pembeni kama kawaida yake, kisha wengine, mpaka kufikia 2019 waanzilishi saba walikuwa makaburini na wote saba wakijibu barua kila mwezi. Alikuwa na kalamu saba ndani ya kopo la biskuti. Mzee Zenonas alitimiza miaka mia moja, Ugnė akamfumia soksi za sufu, na soksi zenyewe ndizo hizi nilizovaa, kwa sababu tungezipeleka wapi, jamani. Nilimwambia waziwazi kwamba anawafundisha watoto kusema kweli kwa kalamu saba za uongo. Aliniambia ninyamaze. Nilinyamaza. Tulikuwa wazee, tumechoka, na kusema kweli ni kazi ya wenye nguvu.

Mei mwaka huu Ugnė alikuja. Sasa ana miaka ishirini na mitatu, ni msaidizi wa Mwalimu Vilija katika nyumba ileile, alijikusanyia nauli mwenyewe, na alipopiga kengele alikuwa amebeba mkate mweusi wa shayiri uliofungwa kwa kitambaa.

"Nimekuja kumsalimia babu Zenonas," alisema. "Ana miaka mia na nne. Nimeogopa kuchelewa."

Dada yangu alichukua koti, tukaingia kwenye gari la Vida, tukamleta hapahapa makaburini, safu ya nne kutoka ule msalaba wa mbao, Ugnė akasimama mbele ya jiwe la Zenonas akasoma mwaka. Alisoma mara mbili. Kisha akauliza, "Barua ya Krismasi ile ambayo mama hakurudi, aliniandikia nani?"

"Mimi."

"Bibi, kila tarehe mbili Novemba tunawasha mishumaa ya wafu wetu dirishani. Tunawasha hata ya wasio na ndugu. Yeye hajapata hata mmoja kutoka kwangu. Novemba kumi na nne! Umeninyima."

Filomena alipiga magoti kwenye majani mabichi, pamoja na goti lake bovu, akaomba radhi. Ugnė alimwinua, akamfuta goti kwa kile kitambaa cha mkate, lakini hakusema amesamehe. Alisema, "Wako watoto kumi na mmoja wengine. Waambie wewe. Mimi sitakusemea."

Marehemu alisema ataandika kesho, na kesho hiyo ikapita Juni, ikapita Julai, na tarehe 18 Agosti akapata kiharusi kilichochukua mkono wa kulia, ule mkono wenye watu wanane ndani yake. Hapo ndipo alipotaka kuandika. Maneno yalitoka nusunusu, mimi nikiandika, yeye akitikisa kichwa nikikosea, na karatasi moja ya watoto wote ilituchukua siku kumi na moja. Ilisema nani alikufa lini, wote saba kwa majina, na ikaishia hivi: siku niliyoshindwa mimi ni hii. Niliipeleka posta tarehe 2 Oktoba.

Kuanzia hapo aliniuliza neno moja kila siku. Posta? Nami nikamjibu, bado. Mwishoni mwa Oktoba madaktari walisema moyo nao umeanza kuchoka, na Vida, kwa huruma ya mtoto kwa mama yake, alinishika mkono jikoni akaniambia, "Mama mdogo, mwambie imefika. Mwambie wamemsamehe. Itakugharimu nini?" Nilitaka, tena sana, na maneno niliyapanga. Nilipoingia chumbani akafumbua macho akaniuliza, posta, na nikasema, bado. Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, saa nne na robo asubuhi, Filomena alifariki akiwa nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, na neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu ni hilo bado. Sijui kama nilifanya vyema. Najiuliza mpaka sasa hivi ninaposoma.

Alhamisi, siku tatu baadaye, dada mmoja aliyesafiri kutoka Vilnius aliniletea bahasha mkononi. Ndani mna picha ya dirisha la nyumba ya maziwa, mishumaa saba inawaka, kila mmoja una jina chini yake, Zenonas wa kwanza. Pembeni upo wa nane, mzima, haujawashwa. Nyuma ya picha Ugnė ameandika: Bibi Filomena, tumekukasirikia na tumekusamehe, yote mawili. Wa nane ni wako, hatujui hali yako, safari hii tunaomba tuambiwe.

Nilimpigia simu palepale. Nikamwambia, amekufa, Jumatatu. Nikasikia anaita watoto kwa majina, nikasikia kiberiti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa upande wa kushoto waliotulisha miezi mitatu, walimu wenzake, Padri, na wanakwaya.

Bahasha ile ilikuwa na kitu kingine. Barua kumi na moja, maswali ya mwezi huu, na juu ya kila moja mtoto ameandika anwani moja: Kwa mtu aliye hai. Nimeziweka mezani ukumbini, mlangoni, kando ya birika la kahawa, huwezi kuzipita bila kuziona. Mimi ya kwangu nimekwisha kuichukua, zimebaki kumi. Asiyetaka asiguse. Atakayechukua ajibu kwa mkono, asihubiri, na chini aweke jina lake mwenyewe.

Kihori kiache sasa, dada, tumekishika sisi. Pumzika kwa amani.