Nyumba Niliyosema Nimeibeba

Wazazi wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa Kyerwa mliotupokea kwa chai ya moto, Mungu awakumbuke. Nimetoka Nyakasimbi alfajiri. Mmeniita nishuhudie habari za kuwaombea wengine, na anayenijua anajua ninavyoomba kwa sauti. Huenda mnangoja habari za ushindi. Mimi nimekuja kuungama uongo nilioutamka mbele ya jumuiya, macho makavu, Alhamisi mbili mfululizo. Sitamtaja mtu jina.

Sisi jumuiya yetu ina utaratibu. Mwanzo wa mwezi kikapu kinapita, ndani kuna vikaratasi vyenye majina ya nyumba zetu. Ukichukua kimoja, nyumba hiyo umeibeba. Unaiombea mwezi mzima, na Alhamisi tukikutana mzee wa jumuiya anauliza, mmoja mmoja, nyumba uliyoibeba inaendeleaje. Wewe ndiye jicho la jumuiya pale. Ukisema kuna mgonjwa, tunakwenda. Ukisema wako salama, kila mtu anashika njia yake.

Mwezi ule nikafungua karatasi yangu, nikaona jina la jirani yangu, mama mjane, mtu mzima kwangu, anayeishi peke yake kwenye kibanja chake, shamba la migomba linalopakana na langu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilitamani kuirudisha ile karatasi kikapuni. Mbuzi wake walikuwa wamekula maharage yangu, na nilipokwenda kulalamika akanijibu kwamba maharage yenyewe nimeyapanda njiani. Tangu siku ile nilikuwa nimemnyima hata shikamoo. Mtu wa umri wa mama yangu! Nikikutana naye naangalia migomba.

Alhamisi ya kwanza nikaulizwa. Nikasema wanaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Hata hao "wanaendelea" hawakuwepo, mama wa watu yuko peke yake, lakini ulimi umezoea. Alhamisi ya pili mtu mmoja akasema hajamwona yule mama kanisani Jumapili. Wote wakanigeukia mimi. Nikajibu haraka kwamba yupo, amebanwa na kuvuna kahawa. Sijui niliitoa wapi. Tena nikafumba macho, nikamwombea kwa maneno marefu, na akina mama wakaitikia amina. Nilirudi nyumbani nikala nikashiba.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo, kabla ya kutawanyika, mzee wa jumuiya alisema wiki ijayo hataki tena "wanaendelea vizuri". Kila mtu alete haja moja ya nyumba aliyoibeba, haja yenyewe, aliyoisikia kwa masikio yake. Wiki ile sikuwa na raha. Niliwaza nitunge nini. Presha? Wazee wengi wana presha. Nikaona hiyo itatosha.

Ikafika Alhamisi asubuhi. Nipo jikoni namenya ndizi, nikajiambia, hebu basi hata mara moja niombe kweli, nipunguze dhambi. Nikaweka kisu chini, nikapiga magoti penye maganda. Nikasema, "Bwana, mkumbuke jirani yangu." Nikakwama. Mimi ninayeweza kuomba mpaka watoto wasinzie, nilikwama pale. Amkumbuke kwa lipi? Sikujua anakula nini, analala na maumivu gani, analilia nani. Kisha likaja swali lingine, nalo liliniogopesha: mara ya mwisho kusikia mbuzi wake wakifukuzwa ilikuwa lini? Wale mbuzi niliowachukia hivyo, sasa walikuwa wanalia tu, kutwa, na hakuna anayewafokea.

Niliinuka na mikono yangu ya utomvu vilevile, nikakatiza migomba. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Mbuzi wamefungwa, wamekula nyasi mpaka ardhi imebaki vumbi. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikausukuma, na harufu iliyonipokea sitaisahau.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, sufuria tupu pembeni. Panga lilikuwa limemkata muundi akipogoa migomba, siku nyingi zilizopita. Alikuwa ameweka majani, akajikaza, akadhani utapona. Siku nne zile za mwisho hakuweza kusimama, na simu ilikuwa imezima. Mguu umevimba, ngozi inang'aa, na mwili unachemka homa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo, mama." Baada ya miezi yote ile. Akaitikia marahaba, sauti ikitoka mbali, kisha akaomba maji.

Nikampa maji, nikatoka nje nikapiga yowe. Kwenye pikipiki asingeweza kukaa, kwa hiyo wanaume wakaja na engozi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa, tukaanza kupanda kuelekea barabarani. Nilikuwa natembea nyuma yao nimeshika kanga zake. Mzee wa jumuiya, akiwa amebeba begani, akaniuliza bila kugeuka, "Si ulituambia anavuna kahawa?"

Nilisikia tu pumzi zao kwenye mlima. Ningeweza kutunga jingine, nawaapia lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini mgonjwa alikuwa palepale kati yetu, anasikia. Nikasema, "Nilidanganya. Sikuwahi kufika kwake. Sikuwahi kumwombea." Walibadilishana mabega, wakaendelea kupanda, na mimi nilitamani wanitukane.

Hospitali walimpokea. Daktari alituambia mguu anaupigania, lakini hatoi ahadi, na kwamba tungechelewa siku mbili tatu hivi asingekuwa anazungumzia mguu tena. Nikalala pale siku sita. Kila daktari alipofunua bandeji nilikuwa natazama uso wake kwanza. Siku ya tano akasema mguu utabaki. Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Jioni ile nikamwomba yule mama msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Alhamisi zile mbili nilikuwa nawasikia mkiimba. Nikawa nasema, wakimaliza watapita." Nikakosa pa kuficha uso. Nikamwambia niruhusu sasa nikuombee, nikamshika mguu. Akautoa mkono wangu taratibu. "Mguu umeshaombewa," akasema. "Hujaniuliza ninataka nini." Nikamwuliza. Akaniambia ana kijana wake wa mwisho, huu ni mwaka wa tatu hajui yuko wapi. Akanitajia jina lake. Miaka yote tumepakana, sikujua kwamba ana mtoto aliyepotea.

Nawashukuru wanaume wale waliobeba bila kunitupia jiwe. Namshukuru mzee wetu aliyekataa majibu ya juujuu, na wauguzi walionivumilia. Yule mama anatembea kwa fimbo sasa, na mbuzi wake bado wakorofi.

Ndugu zangu, maneno "nitakuombea" ni mepesi, unaweza kuyasema huku unafunga mkoba. Nawasihi, kabla hujayasema, muulize mtu unataka nikuombee nini, kisha ukae usikilize. Mimi kila asubuhi namtaja kijana yule mbele za Mungu kwa jina. Hajarudi. Mama yake huniuliza kila tukikutana, "Leo umemtaja?" Na mimi siku hizi siwezi kumdanganya.